Nyumba Hamugembe, Bukoba: ilipitiwa na tetemeko la 2016 ikakarabatiwa, ninunue au niache?

Kijana wa Muleba

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela maana nikishatoa ndo basi tena.

Mi nafanya kazi Mwanza ila kwetu ni Muleba. Mama amebaki peke yake kijijini, presha inamsumbua, kila mwezi lazima aende Bukoba mjini hospitali na mvua zikianza ile safari inamchosha sana. Tumekaa na mdogo wangu tukakubaliana tumtafutie nyumba mjini, awe karibu na huduma na sisi tukienda likizo tuwe na pa kufikia.

Dalali ametuletea nyumba Hamugembe. Vyumba vitatu, sebule, choo ndani, tofali za kuchoma, juu bati za msauzi, dari ya jipsamu, plasta safi na rangi mpya kabisa. Walianza milioni 60, sasa wako 45. Ilijengwa miaka ya 90. Nikamuuliza dalali ile 2016 ilikuwaje, akasema ilitikisika kidogo tu, wakaziba nyufa, wakapiga plasta upya na toka hapo haijawahi kuleta shida.

Shida iko kwa mke wangu. Yeye siku ile alikuwa Bukoba, anafua nje kwa shangazi yake, akaona ukuta wa jirani unalala chini huku anautazama. Mpaka leo lori kubwa likipita barabarani usiku anaamka anakaa kitandani. Amesema mama akikaa hapo yeye atakuja kumsalimia mchana tu na kulala atalala gesti. Sitaki kumlazimisha na sitaki kumdharau, ila pia najiuliza isije ikawa tunaacha nyumba nzuri kwa sababu ya hofu.

Kwa hiyo naomba kujua: tetemeko kama lile linaweza kurudi kweli? Na nyumba iliyopasuka ikazibwa inaaminika? Mimi nikiiangalia naona nzuri tu.

Mwana wa Kanoni

Mkuu nunua. Tetemeko limekuja mara moja toka babu zetu wazaliwe, limeshapita. Nyumba iliyosimama siku ile ina maana imeshafanya mtihani ikafaulu, afadhali hiyo kuliko mpya ambayo haijajaribiwa. Milioni 45 kwa Hamugembe yenye choo ndani ni bei ya kukimbilia, ukichelewa utakuta mwingine kashalipia.

Mama Koku

Mwanangu Kijana wa Muleba, mimi nakaa Hamugembe, nilikuwepo na bado nipo. Ngoja nikueleze nilichokiona, halafu utaamua mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, siku mbili kabla ya Idi, watu wapo kwenye maandalizi. Nilikuwa jikoni nje nachambua maharage. Kwanza nikasikia mlio, yaani kama gari kubwa linakuja chini ya ardhi, nikageuka kuangalia barabara, sikuona gari. Kabla sijasimama vizuri sufuria zikaanza kucheza, mbwa akalia, halafu ukuta wa pembeni wa jirani, ile pembetatu ya juu inayoshika paa, ukatoka mzima mzima ukaanguka nje. Vumbi likafunika mtaa. Sekunde chache tu lakini nakwambia zilikuwa ndefu.

Nyumba nyingi zilizolala mtaani kwetu zilikuwa za tofali zilizoshikwa kwa udongo, nje zimepigwa plasta ya simenti ukiangalia unadhani ni simenti yote. Tofali za kuchoma zilikuwa nzima, ni ule udongo katikati uliofumuka kama unga. Kwangu nyufa zilikuwepo ila nyumba ilisimama, na sababu ni moja: marehemu mume wangu alipojenga aligombana na ndugu zake kwa kuweka lenta ya zege kuzunguka nyumba yote, wakamwambia anamwaga hela juu ya madirisha. Ndugu hao hao tulilala nao uwanjani kwangu, maana mtaa mzima tulilala nje siku kadhaa, watoto tumewafunika maturubai, kila ardhi ikitikisika tena watu wanapiga kelele.

Sasa kuhusu ukarabati. Mwenye uwezo alibomoa akajenga upya. Asiye na uwezo alichanganya simenti akaziba ufa, akapiga plasta, akaingia ndani na watoto wake kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zinakuja. Serikali ilirudisha shule na zahanati, lakini nyumba yako ulijijengea mwenyewe. Simlaumu hata mmoja, mtoto hawezi kulala nje mwaka mzima. Ila nyumba iliyozibwa ili watoto wasinyeshewe na nyumba iliyorudishiwa nguvu ni vitu viwili, na kwa macho zinafanana. Usinunue kwa macho.

Na mkeo msikilize. Kilichompata sio uoga, aliona.

Fundi Lenta

Nimejenga na kubomoa Bukoba, Missenyi na Muleba toka kabla ya tetemeko, na baada ya tetemeko nilibomoa zaidi kuliko nilivyojenga. Mwana wa Kanoni hapo juu naomba unisamehe mkuu ila hilo la nyumba kufaulu mtihani linaua watu. Ukuta wa tofali hauponi kama mfupa. Tetemeko la kwanza linakata ule mshiko kati ya tofali na mota (ule udongo au simenti ya kuunganishia tofali), nyumba inabaki imesimama kwa uzito wake tu, inasubiri. Likija hata dogo zaidi linamalizia. Nyumba iliyotikisika ikapasuka ni dhaifu kuliko ilivyokuwa siku moja kabla, hiyo haina ubishi.

Kijana wa Muleba, plasta ni nguo. Unachonunua ni mwili. Nenda na fundi wako (SIO wa dalali), mbebe nyundo ndogo, msumari wa nchi nne, tochi, ngazi, timazi na pima maji. Na nendeni mchana wenye jua.

Anza nje. Zunguka taratibu uangalie kona za madirisha na milango, tetemeko linapasua kwa mshazari, ufa unaanza kona ya dirisha unapanda upande upande mpaka juu, na ukiona zimepishana kama alama ya X ujue ukuta ulisukumwa huku na huku. Ufa mwembamba wa plasta kama unywele, unaoenda ovyo ovyo, huo ni kukauka tu usikutishe. Angalia pia kona za nyumba pale kuta mbili zinapokutana, kama kuna mstari wima toka chini mpaka juu hizo kuta zimeachana, kila mmoja unasimama peke yake. Weka timazi kwenye kila ukuta mrefu, kama umebinuka utaona.

Halafu gonga. Plasta iliyoshika inalia nzito, iliyoachia inalia kama debe tupu. Ukipata sehemu inalia debe na iko kwenye njia ya ufa muombe mwenye nyumba ruhusa mbandue kipande ukubwa wa sahani, utamrudishia. Akikataa kabisa kabisa umeshapata jibu. Ukishabandua chukua msumari ukwaruze kati ya tofali na tofali, mota ya simenti nzuri inakataa, ya udongo inamwagika kama sukari guru iliyooza. Na uangalie ufa umepita wapi, kama umefuata mota tu au umekata na tofali lenyewe, ukikata tofali nguvu ilikuwa kubwa.

Ndani jaribu milango yote na madirisha. Mlango unaogoma juu na fremu imekaa pembe, ukuta umesogea.

Sasa kitu cha muhimu kuliko vyote na ndo watu wengi hawaangalii: panda darini. Hiyo jipsamu ni nzuri lakini imekufunika usione. Kuna kitundu cha fundi umeme, pita hapo na tochi. Unatafuta lenta. Lenta sio kipande cha zege juu ya dirisha, hicho ni cha kushika dirisha tu. Lenta ya kukuokoa inazunguka nyumba nzima bila kukatika, kama mkanda kwenye suruali, kuta zote nne zinashikana zinatikisika pamoja. Bila hiyo kila ukuta unacheza kivyake na kwenye kona zinachanika. Halafu tazama kama kenchi (mbao zinazobeba paa) zimefungwa kwenye hiyo lenta kwa nondo au waya, au zimekalishwa tu juu ya tofali. Na ile pembetatu ya pembeni anayosema mama Koku, hiyo ndo ya kwanza kuanguka siku zote, ni tofali nyingi ziko juu kabisa hazijashikwa na kitu, na mara nyingi iko juu ya mlango ambao watu wanakimbilia kutoka.

Bati sio tatizo, bati ni jepesi na hilo ni jambo zuri. Ingekuwa vigae ningekwambia mengine.

Kama unataka niende kuiangalia nipo, nitakutoza nauli na posho ya siku tu. Kama una fundi wako mwingine pia sawa, ila asiwe wa dalali.

Mawe Yanasema

Nimesoma jiolojia na nimefanya kazi za miamba kanda ya ziwa, naongezea upande wa swali la kwanza, kama litarudi.

Lile la 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kina cha kama kilomita 40, ndo maana lilisikika mbali sana, Uganda, Rwanda, Burundi mpaka Kenya. Watu zaidi ya 15 walifariki na majeruhi mamia. Wengi Kagera waliona ni kitu cha ajabu kwa sababu Bukoba haipo kabisa kwenye mstari wa bonde la ufa, mkono wa magharibi wa bonde unapita ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika mpaka Rukwa, sisi tuko pembeni yake. Lakini pembeni sio nje. Ardhi ya huku kote inavutwa polepole na nyufa za zamani zilizolala chini zinaweza kushtuka.

Na anayesema limekuja mara moja toka babu wazaliwe aangalie majirani. Toro, Uganda, Machi 1966, zaidi ya watu 100 walikufa. Fort Portal 1994, ukubwa wa 6.2. Ziwa Tanganyika Desemba 2005, 6.8. Na upande wa Rukwa Desemba 1910 lilipiga la 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Hata Dar, Agosti 2020 usiku, si watu walishuka kwenye maghorofa wakakaa barabarani? Hiyo namba ya ukubwa mnisikilize vizuri, sio kama alama za darasani. Ukipanda namba moja nzima, mfano toka 5 kwenda 6, nguvu inayotoka ni kama mara 32. Kwa hiyo lile la Tanganyika 2005 lilitoa nguvu zaidi ya mara 20 ya lile la Bukoba. Bukoba iliumia zaidi kwa sababu ya nyumba na ukaribu wa watu.

Lini litarudi hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia, akikwambia tarehe mkimbie. Ila nyumba unanunua mama akae miaka mingi na wajukuu warithi, miaka 50 hiyo. Kwa muda huo mi nisingejenga hesabu yangu kwenye kusema halirudi.

Kuhusu ardhi yenyewe: bondeni karibu na mto na sehemu zilizokuwa majimaji, udongo laini unakuza mtikisiko, ni kama uji kwenye bakuli ukiligonga. Juu ya mwamba mtikisiko ni mfupi na mkavu. Lakini msije mkakimbilia mlimani mkadhani ni kinga. Ihungo sekondari iko juu mlimani na majengo yake ya zamani yalivunjika mpaka shule ikafungwa ikajengwa upya, Nyakato pia. Kwa hiyo uliza kiwanja kilikuwa nini kabla, kama kilikuwa shamba la migomba au kilikuwa matete, wazee wa mtaa wanajua, lakini jengo ndo liwe la kwanza.

Ba Kivu

Nawasalimia wandugu. Mimi niko Bukavu, Kongo, muniachilie Kiswahili yetu.

Sisi huku tetemeko tumezoea na bado hatuizoee. Tarehe 3 Februari 2008, ilikuwa siku ya Mungu (Jumapili) asubuhi, ilipiga Bukavu na ngambo ya Rusizi Rwanda. Kule Rusizi kanisa iliangukia watu ndani ya ibada. Saa hiyo mimi nilikuwa nyumbani na baba, nyumba yetu ilikuwa ya mbao na bati tu, ile watu wanacheka nayo kama ni nyumba ya masikini. Iliyumba, ikalia, ikarudi pahali pake. Jirani alikuwa na ya matofali mazuri, ukuta wake ulianguka juu ya kitanda, Mungu ni mkubwa hakuna mutu alikuwa amelala pale.

Ile ninataka kuongeza ni kitu kimoja: muangalie na mlima. Huku Bukavu watu wanajenga ngazi kwa ngazi kwenye miteremko, tetemeko inafungua udongo, kisha mvua inakuja miezi iliyofuata udongo inateremka na manyumba. Nyumba ilibakia nzima siku ya tetemeko na ikakwenda na mvua. Kama hiyo nyumba ya Hamugembe iko chini ya mteremko ama juu ya ukingo ule walichimba kupata kiwanja, nenda uitazame siku ya mvua.

Mwana wa Kanoni

Nimesoma yote. Fundi na Mawe nimewaelewa, hilo la ufa kusubiri nilikuwa silijui na kwetu tuna ukuta wa sebule tuliuziba hivyo hivyo. Fundi nitakutafuta.

Dada Makaratasi

Wenzangu wamemaliza ya kuta, mimi niguse karatasi kwa haraka maana watu wakipenda nyumba wanasahau.

Hela ya nyumba usiilipe kupitia dalali. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone jina lililoko ni la nani na kama haijawekwa rehani benki. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini ya maandishi ni lazima, nyumba ya familia ikiuzwa bila mwenza kukubali utakuja kulala mahakamani. Nenda pia serikali ya mtaa ukae na mwenyekiti na majirani wa pande zote, na hapo hapo waulize mbele ya muuzaji, siku ya tetemeko nyumba hii ilikuwaje? Jirani hasahau kitu kama hicho. Kwenye mkataba muombe muuzaji aandike kwa mkono wake matengenezo gani yalifanyika na mwaka gani.

Bima za nyumba zipo, ila nyingi msingi wake ni moto, tetemeko linaweza kuwa nyongeza. Soma karatasi mwenyewe uone neno tetemeko limeandikwa upande wa wanaolipwa au upande wa wasiolipwa, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Kijana wa Muleba

Wakuu nimerudi na majibu. Nilipanda meli Alhamisi usiku nikafika Bukoba Ijumaa asubuhi, Fundi Lenta alikuwa ananisubiri bandarini. Fundi nakushukuru mbele za watu.

Tulikaa pale karibu masaa matatu. Dalali alitaka tuangalie haraka haraka, mwenye nyumba yeye akasema waacheni waangalie. Ni mzee, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye kigoda kwenye baraza akatutazama muda wote bila kusema kitu. Nje kulikuwa kuzuri kabisa, mi moyoni nikaanza kusema mke wangu ana hofu tu. Fundi akaanza kugonga. Chumba kikubwa, ukuta wa dirisha, ikalia debe, toka kona ya dirisha mpaka juu kwenye dari, kama mtu amechora njia kwa sauti. Nilisimama pale nikiisikiliza miguu ikawa mizito.

Fundi akamuomba mzee ruhusa ya kubandua. Mzee akasema bandua. Chini ya plasta ufa upo, umejazwa simenti kwa juu juu tu, fundi akasukuma msumari wa nchi nne ukazama wote. Mota ni udongo, inamwagika. Tukapanda darini, lenta ni vipande juu ya madirisha tu, kwenye kona hakuna kitu, kenchi zimekaa juu ya tofali kavu, na ule ukuta wa pembetatu upande wa mlango mkubwa umeachana na nyumba, mwanga wa jua unaingia kwenye ufa. Nimepiga picha, sitaiweka hapa kwa heshima ya mzee.

Tuliposhuka mzee akaniita nikae. Akasema, mwanangu, mimi nilizuiwa nisikwambie huo ufa, ila kwa kuwa umeuona wacha nikueleze. 2017 alikuwa na wajukuu wanne ndani ya turubai na mafao yake hayajakaa sawa, akaziba akapiga plasta kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Toka siku hiyo yeye mwenyewe hajawahi kulala kile chumba kikubwa, analala sebuleni karibu na mlango. Miaka yote hiyo. Mama Koku nilikumbuka maneno yako, nikashindwa hata kumkasirikia.

Nikamwambia ukweli kuwa nyumba siwezi kununua. Akauliza, na kiwanja? Tumeongea siku mbili, mke wake amekaa kwenye mazungumzo, mwenyekiti wa mtaa na majirani wamekuwepo, upekuzi umerudi safi, tumefika milioni 24 kwa kiwanja na vifaa vyote vilivyopo juu yake. Dalali amekasirika maana asilimia 10 ya 24 sio ya 45, tumemlipa yake yakaisha. Kiwanja kiko sehemu ya wastani sio bondeni, wazee wanasema palikuwa migomba, na nilisubiri mvua ya Jumamosi nikaenda kukiangalia maji yanavyopita kama alivyosema ndugu wa Bukavu.

Tutabomoa. Bati, mbao, milango na tofali za kuchoma nzima nzima tunatumia tena. Tutajenga ndogo zaidi, vyumba viwili na sebule, hela iliyobaki iende kwenye zege na nondo. Mama nimemwambia itachukua miezi zaidi amesema hana haraka, alichouliza ni kama pana nafasi ya kupanda migomba michache.

Mke wangu nilimuonyesha picha ya ule ufa. Aliiangalia muda mrefu halafu akasema atalala hapo ikijengwa, ila ana ombi moja: chumba cha mama kiwe na mlango wake wa kutokea nje moja kwa moja, asilazimike kupita sebuleni. Fundi hilo linawezekana bila kudhoofisha ukuta?

Fundi Lenta

Linawezekana na ni wazo zuri, nitalipendekeza na kwa wengine. Ila mlango huo usikae kwenye kona, toka kona mpaka fremu tuache angalau sentimita 60 za ukuta mzima, na ukuta huo wenye mlango tusiuwekee tena dirisha kubwa, matundu yakizidi nusu ya urefu wa ukuta unabaki na miguu myembamba.

Lenta tutaweka mbili, moja juu ya msingi na moja juu ya milango, zote zizunguke. Nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga hizo nondo pamoja) kila sentimita 15, na kwenye kona nondo ipindwe iingie ukuta wa pili sentimita 60 au zaidi, isiishie kwenye kona hata ukinikuta sipo na vijana wanakwambia inatosha. Nguzo za zege kona zote nne. Zege moja kwa mbili kwa nne, mchanga wa ziwani kwetu hauna chumvi ila uwe umeoshwa, hauna tope, na zege limwagiliwe maji si chini ya siku saba. Pembetatu za tofali hatuweki kabisa, paa tutalilaza pande zote nne, kuta ziishie kwenye lenta.

Nyumba ya mzee tutaanza kubomoa kwa juu kushuka, ule ukuta ulioachana kwanza, na siku hiyo asiwepo mtoto karibu. Niambie lini mzee anahama, nipange vijana.

Kijana wa Muleba

Anahamia kwa binti yake anayekaa Kashai mwisho wa mwezi. Ameomba siku ya kubomoa awepo, nimemwambia nitamwekea kigoda mbali upande wa barabara.